Mipulizo Mia Mbili

Chumba cha Matroni kilikuwa na kitanda kimoja, viti viwili, na kabati la chuma lililopigiliwa ukutani, juu kiasi kwamba mtoto hawezi kulifikia. Saa tisa na nusu alasiri, shule ikiwa imeshatoka, Mpelelezi alisimama mbele ya kabati hilo akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Dawa zote za dharura za wanafunzi zitunzwe ndani ya kabati lenye kufuli. Ufunguo mmoja awe nao Matroni, wa akiba ukae ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwanafunzi asikae na dawa darasani. Kila dawa inayotolewa iandikwe daftarini: nani, saa ngapi, kiasi gani. Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, dawa zikaguliwe kuhakikisha zipo na zinafanya kazi.

Chini kulikuwa na sahihi tano na mhuri.

"Kanuni zetu zinajieleza, Afande," alisema Mwalimu Mkuu nyuma yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. "Niliziandika mwenyewe, kamati ikapitisha. Shule nyingine dawa zinakaa kwenye droo pamoja na chaki."

"Na Matroni alizifuata?"

"Kwa nje, ndiyo. Neno kwa neno."

"Kwa ndani?"

Mwalimu Mkuu alinyanyua mabega. "Wewe ndiye unayeijua ripoti ya maabara."

Mpelelezi aliijua. Siku nane zilizopita, msichana wa miaka tisa, ambaye wenzake walimwita Filimbi kwa jinsi kifua chake kilivyolia akikimbia, alibanwa na pumu wakati wa mapumziko. Ndani ya dakika mbili alikuwa amelazwa juu ya kitanda hiki. Matroni alichukua pampu ya mtoto kabatini akampulizia mara kumi. Pampu ilitoa moshi mara zote kumi, na wanafunzi wawili waliochungulia dirishani walishuhudia. Mtoto alifariki njiani kuelekea hospitali. Maabara walipoifungua pampu walikuta gesi ya kusukumia tu. Dawa haikuwamo hata chembe.

"Pampu nzima ina mipulizo mia mbili," alisema Mwalimu Mkuu. "Daftari linasema kabla ya siku ile mtoto alipewa mara mbili, mipulizo minne minne. Mia mbili toa nane. Dawa haina miguu, Afande. Hizo mia na tisini na mbili zimekwenda wapi?"

"Unafikiri alibadilisha. Akatoa mpya, akaweka iliyokwisha."

"Mimi sijasema. Ila mwenye ufunguo wa kila siku ni mmoja, na wanaotafuta dawa ya pumu mitaani hawahesabiki."

Simu ya Mpelelezi iliita. Alikuwa mkuu wa kituo, naye hakuwa na salamu ndefu. "Faili lifike kwa mwendesha mashtaka kesho saa nne asubuhi. Wizi wa dawa na kusababisha kifo. Huyo mama alale ndani kuanzia kesho."

"Kuna mambo mawili sijayamaliza, mkuu."

"Yamalize kabla ya saa nne."

Alirudisha simu mfukoni, akalifungua kabati kwa ufunguo wa akiba. Ndani kulikuwa na pampu mbili zilizobaki, kila moja ndani ya kikombe chenye jina la mwanafunzi. Kikombe cha tatu kilikuwa kitupu. Kwa upande wa ndani wa mlango palikuwa na karatasi nyingine yenye safu tatu za tiki za wino wa buluu, moja kwa kila siku ya shule tangu mwaka ulipoanza, zote za mkono mmoja. Safu ya Filimbi iliishia siku ya kifo chake. Zile mbili ziliendelea mpaka asubuhi ya leo. Alipiga picha.

Kisha akaligeukia dirisha. Pazia lilikuwa zito, la buluu iliyokolea, na katikati yake palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa sahani ya kikombe. Alilipangusa kwa kidole. Likaacha unga mwembamba.

"Chaki," alisema Mwalimu Mkuu.

Mpelelezi alitoa mkasi mdogo, akakata kipande cha pindo penye weupe, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Mnakusanya mpaka chaki siku hizi?"

"Tunakusanya tusichokijua, Mwalimu. Ufunguo wa akiba umewahi kuazimwa?"

Ulikuwa umeazimwa mara moja, wiki tano zilizopita. Aliyetia sahihi ni mwalimu wa hesabu.

"Naye ana pumu," aliongeza Mwalimu Mkuu, kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka.

*

Mwalimu wa hesabu alikuwa peke yake katika darasa la saba, akisahihisha madaftari. Madawati yote yalikuwa matupu, naye alikuwa amekaa kwenye mojawapo la nyuma badala ya meza yake.

"Huku nyuma kuna upepo," alieleza. "Karibu, Afande. Nilijua zamu yangu ingefika."

"Ulichukua ufunguo wa kabati la dawa."

"Nilichukua. Mtoto alichanika goti, Matroni alikuwa ameenda mazishini. Nikatafuta bandeji. Dakika ishirini, nikarudisha."

"Na pampu uliziona?"

"Niliziona. Tatu, zimejipanga kama askari."

"Hukugusa hata moja?"

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni akatoa pampu yake mwenyewe, akaiweka juu ya daftari. "Mtu anayekaa kisimani aende kuiba maji ya nini?"

Mpelelezi aliichukua akaigeuza. Ilikuwa ya aina ileile. Mwalimu alitoa pia kiboksi chake, na kwa ndani kiboksi kilikuwa kimejaa vistari vya penseli, vitano vitano.

"Hivi ni nini?"

"Mipulizo. Kila nikipuliza nachora kistari. Usinicheke, ndiyo kazi niliyosomea."

"Sicheki."

Mwalimu alifunika kalamu yake. "Mwaka juzi pampu ilinidanganya. Kifua kimebana, niko chumbani kwangu, hakuna mtu. Napuliza, moshi unatoka, pumzi haiji. Napuliza tena. Jirani alinisikia nikigonga ukuta. Hospitali wakaniambia, mzee, dawa ilikwisha zamani, huo ulikuwa upepo tu. Hizi za bei ya chini hazina kidirisha cha kuhesabu. Zikiisha dawa, gesi inabaki. Zinaendelea kusema *psh*."

"Kwa hiyo mtu akiijaribu ataona nzima."

"Ataona nzima kabisa. Ndiyo maana nahesabu."

Mpelelezi aliandika. "Uliwahi kumweleza Matroni?"

Mwalimu alitazama nje, uwanja ukiwa mtupu. "Miaka sita tuko shule moja. Nadhani nimemsalimia kila siku. Kila mtu hapa anakula chakula chake chumbani kwake, Afande. Habari ya asubuhi, nzuri, basi."

*

Kabla ya magharibi Mpelelezi alifika kwa mama wa mtoto. Alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Cherehani ilikuwa inakwenda. Juu ya kamba kulikuwa na sketi ya shule iliyokunjuliwa pindo.

"Karibu, dada. Kaa hapo, sogeza hizo nguo." Mshonaji hakusimamisha mguu. "Nilikuwa nimeshaikunjua kabla. Alikuwa anarefuka."

"Pole sana, mama."

"Pole zimeshapita. Msiba umekwisha, kila mtu karudi kwake. Jana aliyeingia humu ni mteja, alikuja kuuliza suruali yake."

"Nina swali moja tu. Pampu uliyopeleka shuleni ilikuwa mpya?"

Cherehani ikasimama.

"Na wewe pia? Ndugu za mume wangu wanasema nilipeleka kuukuu. Eti nilibana. Shemeji yangu kasimama hapo mlangoni kanitazama, 'Shemeji, kweli?' Kweli nini? Ningebana kwenye pumzi ya mwanangu?"

"Sijasema hivyo. Nataka kuthibitisha ili mtu asiseme tena."

Mshonaji aliinuka. Kwenye rafu alichukua kiboksi kidogo cha dawa, akamimina vifungo vya mashati juu ya meza, akakileta. "Niliitoa pampu humu, kiboksi nikabaki nacho. Mimi situpi kiboksi."

Mpelelezi alitoa ripoti ya maabara. "Hapa wameandika namba iliyokuwa kwenye kichupa. Mimi nasoma, wewe fuatisha kwenye kiboksi."

Walisoma herufi moja baada ya nyingine, kisha tarakimu. Mshonaji aliweka ukucha chini ya kila moja. Zote zikalingana. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa miezi miwili tu kabla ya shule kufunguliwa.

"Ni hiyohiyo," alisema Mpelelezi. "Haikubadilishwa, na haikuwa kuukuu. Ulipeleka nzima, mama."

Mshonaji alikaa, akavitazama vifungo vilivyokuwa mezani bila kuviona. "Basi ni yule mama."

Mpelelezi aliikunja ripoti.

"Unajua mwanangu alikuwa akimpenda? Vumbi la uwanjani lilikuwa linambana, kwa hiyo mapumziko yote anakaa kwake, kwenye kile kitanda, wanacheza karata wawili. Akirudi hapa, Matroni kasema hivi, Matroni kafanya vile. Hakuwa na rafiki mwingine." Alianza kuokota vifungo. "Nenda kamkamate, dada. Nani kakuzuia?"

*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku iliyofuata, Matroni alimkuta Mpelelezi amekaa kwenye kiti cha chumba chake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, aproni yake imepigwa pasi, ufunguo ukining'inia shingoni kwa utepe. Alisimama mlangoni akakunjua mikono yake kana kwamba ataambiwa aonyeshe viganja.

"Umekuja kunichukua, mwanangu?"

"Bado. Shikamoo, Mama Matroni."

"Marahaba. Basi niache nimalize kazi ya asubuhi, kisha twende. Nimeshaweka nguo kwenye mfuko."

"Ndicho nilichokuja kuona. Fanya kama kila siku. Usinijali."

"Mmeniuliza mara tatu kule kituoni, hamkuuliza kazi ya asubuhi."

"Ndiyo. Tuliuliza ufunguo, tuliuliza daftari. Kosa letu."

Matroni alinawa mikono kwenye beseni, akaikausha kidole kwa kidole. Alifungua kabati. Alichukua pampu ya kwanza, akasoma jina la mtoto kwa sauti ya chini, akalinganisha na kikombe. Akaitikisa. Akalisogelea pazia, akainyoosha mbali na uso wake.

*Psh.*

Wingu dogo likapiga kitambaa likatoweka. Akaitikisa tena.

*Psh.*

Aliirudisha kikombeni, akachukua kalamu ya wino wa buluu, akaweka tiki. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye pampu ya pili.

"Ngoja," alisema Mpelelezi. Sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Hiyo usiiguse."

"Nimekosea?"

"Kwa nini mara mbili?"

"Ya kwanza inatoa vumbi la mdomoni. Ya pili ndiyo naona kama inafanya kazi." Matroni alionyesha karatasi ya kanuni. "Imeandikwa."

"Nani alikuonyesha kufanya hivyo?"

"Hakuna. Kanuni zilibandikwa mwaka huu, Mwalimu Mkuu akasema, zifuate. Mimi sikusomea uuguzi, mwanangu, nilipewa semina ya siku tatu ya huduma ya kwanza. Nikajiuliza, nitajuaje kama inafanya kazi bila kuijaribu? Napulizia pazia ili isizagae chumbani, isije ikamwingia mtu asiyeumwa." Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Aliyenitangulia, kwa kanuni za zamani, alikuwa akiweka alama zake zote Ijumaa kwa mkupuo, kabati halijafunguliwa wiki nzima. Mimi nilikuwa namcheka."

Mpelelezi alisimama. Alikwenda kwenye karatasi ya ndani ya mlango, akaanza kuhesabu safu ya Filimbi kwa ncha ya kalamu, bila kugusa karatasi. Alihesabu mara ya pili kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nje, wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaingia getini.

"Tisini na nane," alisema.

"Sikuruka siku hata moja. Siku ya mazishi ya dada yangu nilipita hapa kwanza."

"Tisini na nane mara mbili ni mia na tisini na sita. Jumlisha nane alizopewa mtoto." Mpelelezi alimgeukia. Hakuwa na namna ya kupunguza makali ya neno lile. "Mia mbili na nne, Mama. Pampu ina mia mbili. Baada ya hapo inatoa upepo, nao unafanana na dawa."

Matroni alimsikiliza kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Midomo yake ilisogea. Alikuwa anarudia hesabu. Kisha akalitazama pazia, lile doa, kwa muda mrefu, akakaa kitandani taratibu.

"Siku ile nilimpulizia mara kumi," alisema. "Aliniangalia. Nikamwambia, vuta, mjukuu wangu, dawa hiyo inaingia. Alikuwa anavuta. Alifanya kila nilichomwambia."

"Hukuiba. Nitaandika hivyo. Hakuna atakayekushtaki kwa wizi."

"Afadhali ungeniambia niliiba."

Mpelelezi alifungua mlango. Uwanjani Mwalimu Mkuu alikuwa anachunga mstari wa wanafunzi. "Mwalimu! Watoto wengine wawili wenye pampu, wameshafika?"

"Mmoja yule pale. Kuna nini?"

"Wapigie wazazi wote wawili sasa hivi walete pampu mpya kabla ya mapumziko. Hizi zilizomo kabatini hazina dawa, au zinaelekea kwisha."

"Haiwezekani! Zinakaguliwa kila siku!"

"Ndiyo sababu. Na ile karatasi yako ibandue, uniletee ikiwa na sahihi zote tano. Wenye sahihi nitawahoji mmoja mmoja, nikianzia na wewe."

Kalamu tatu za Mwalimu Mkuu zilipanda na kushuka kifuani. Aliyesogea ni mwalimu wa hesabu, aliyekuwa mwisho wa mstari. Alisikia, akamshika mkono yule mtoto mmoja, akamkalisha kivulini karibu naye. Akatoa pampu yake mfukoni akaishika.

*

Maelezo yalichukua saa moja. Matroni aliyasoma yote kabla ya kutia sahihi, akaomba neno moja libadilishwe. Mpelelezi alikuwa ameandika "alijaribu dawa". Matroni alitaka iandikwe "alimaliza dawa". Mpelelezi aliandika yote mawili.

"Sasa unanipeleka wapi?"

"Nyumbani kwako. Ukihitajika utaitwa. Kitakachofuata ataamua mwendesha mashtaka, ila hutalala ndani leo."

"Nyumbani kwangu kuna nini?" Matroni alijifunga kanga. "Nipeleke kwa mama wa mtoto."

"Si lazima. Mimi nitamweleza. Ni kazi yangu."

"Ataliamini la kwako, kwa sababu una karatasi. Halafu atabaki na maswali, na mimi ndiye mwenye majibu."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini walipofika. Mpelelezi alitangulia kuingia, akaeleza kwa ufupi, akiwa amesimama: tiki, mipulizo, pazia, hesabu. Mshonaji alisikiliza, mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani. Matroni alikuwa amebaki kizingitini, viatu vyake amevivua.

Mshonaji hakumtazama Mpelelezi tena. "Kila siku?" aliuliza kuelekea mlangoni.

"Kila siku."

"Hata siku zile za mvua, watoto wenyewe hawakuja?"

"Hata siku hizo. Nilikuja peke yangu."

"Ukiwa unafikiri nini?"

"Kwamba akibanwa, isije ikakataa."

Simu ya Mpelelezi ilianza kutetemeka mfukoni, ikaacha, ikaanza tena. Mshonaji aliondoa rundo la nguo kwenye benchi, akaliweka sakafuni.

"Kaa."

Matroni alianza kulia. "Mwanangu, Mungu atakulipa, mimi sistahili kusamehewa..."

"Sijasema nimekusamehe," alisema mshonaji. "Nimesema kaa. Siku ile mimi sikuwepo. Nieleze, tangu alipoingia mlangoni. Kila kitu. Usiache hata kimoja."

Mpelelezi alitoka, akaurudisha mlango nyuma yake. Barabarani alipokea simu.

"Uko wapi na faili?" aliuliza mkuu wa kituo. "Umemkamata?"

Kupitia mlangoni sauti ya Matroni ilikuwa imeanza, ndogo, bila kupumzika. Cherehani ilikuwa kimya.

"Nakuja, mkuu," alisema Mpelelezi. "Nipe dakika chache. Sitaki gari liwashwe hapa sasa hivi."